Mama Rudisha na Watu Walioondolewa kwa Usafi

Mwisho wa mwezi huu Mama Rudisha anastaafu rasmi, baada ya kuitumikia idara yetu ya madai ya bima ya afya kwa miaka thelathini na mmoja. Hiyo ni hesabu ya Utumishi. Watu wa Mishahara wanasema ishirini na tisa, na kadi yake ya kuingilia mlangoni inadai kwamba alianza kazi mwaka juzi. Kamati ya sherehe ilikaa, ikajadili kwa kirefu, ikaafikiana kuandika kwenye bango "zaidi ya miaka ishirini na tano", ili asiwepo wa kulalamika. Mstaafu hakuulizwa. Kama angeulizwa, bango lingerudi kwa fundi likiwa na alama nyekundu.

Kwa wale waliofuata keki tu, tueleze kazi yake. Mgonjwa akitibiwa, hospitali hututumia dai ili ilipwe. Kila dai lina jina, tarehe ya kuzaliwa, ugonjwa na tiba, na vyote huingia kwenye kanzidata, yaani ile ghala ya taarifa ambayo wakubwa huitaja wanapotaka kuonekana wa kisasa. Mama Rudisha alikuwa mlinzi wa ghala hiyo. Kilichoandikwa vibaya kilirudi kilikotoka, na wahasibu wa hospitali, waliokuwa wakizipokea bahasha zake kwa mikono miwili na moyo mzito, ndio waliompa jina hilo. Alilipenda, ingawa alijifanya hajui.

Alirudisha dai la mzee wa miaka sabini aliyejifungua salama kwa upasuaji, mama na mtoto wakiendelea vizuri. Karani wa hospitali alikuwa ametumia namba ya baba badala ya binti, lakini Mama Rudisha alipiga simu kwanza kumpongeza mzee. Alirudisha madai ya daktari wa meno aliyemng'oa mtu mmoja meno mengi kuliko aliyoumbiwa. Na kuna hospitali moja ambayo wagonjwa wake wote walizaliwa tarehe mosi Januari, kwa sababu mtu wa mapokezi alichoka kuuliza. Hao aliwaandikia barua ya heshima, akiomba aalikwe siku ya kuzaliwa kwao.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mume wake, fundi seremala mwenye subira ya kazi yake, alitusimulia kwamba kadi ya harusi ya mpwa wao ilirudishwa kwa wenyewe kwa kuwa haikuwa na mwaka. "Wakaja wenyewe kuomba radhi," alisema, "na mchango wakapata. Lakini tangu siku hiyo ukoo mzima unaniletea mimi kadi zao karakana."

Tungeweza kuishia hapo, tukapiga makofi, tukala. Wasifu mwingi huishia hapo. Lakini mstaafu alipopelekewa rasimu ya kwanza ya maneno haya aliirudisha, akisema imeruka jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya, na kwamba jambo hilo lilikuwa kosa.

Miaka mingi iliyopita wakaguzi walitangaza kuja. Ofisi ikaingia homa, ikatangaza Mwezi wa Usafi wa Data. Ugonjwa wetu mkubwa wakati huo ulikuwa watu walioandikishwa mara mbili: mtu mmoja, namba mbili, na malipo mara mbili. Mama Rudisha akapewa kazi ya kutunga kanuni ya kuwabaini, naye akaitunga kwa ustadi. Wategemezi wenye mzazi mmoja, jinsia moja, tarehe moja ya kuzaliwa na simu moja ya nyumbani walihesabiwa kuwa mtu mmoja. Jina la kwanza hakulitilia maanani, maana mtoto anaweza kuitwa hivi nyumbani na vile shuleni. Mfumo ukabakiza kumbukumbu moja na kuondoa nyingine. Ulifanya hivyo kwa maelfu, kwa siku chache, bila kuchoka wala kuuliza.

Wakaguzi walipofika hawakukuta aliyeandikishwa mara mbili hata mmoja. Mkurugenzi alimkabidhi Mama Rudisha cheti chenye fremu ya dhahabu, tukapiga picha. Tulishangilia sote, na aliyeshangilia kupita wote ni mtunza stoo wetu, ambaye ana ndugu yake pacha anayefanana naye kama shilingi kwa ya pili. Hata yeye hakustuka. Mama Rudisha alitembea wiki nzima shingo juu, na tulimwona akipunguza mwendo kila alipopita pale cheti kilipotundikwa.

Mwezi uliofuata mwalimu mmoja wa chekechea alimpeleka binti yake hospitali. Mtoto ana ugonjwa wa damu, na kila baada ya wiki chache huongezewa damu. Bila hivyo hunyauka. Mtu wa dirishani akaingiza namba ya kadi, akatazama kioo cha kompyuta, akasema, "Mama, mtoto huyu hayupo."

"Hayupo vipi, na mimi nimemshika mkono?"

"Kwenye mfumo hayupo. Yupo mwenzake tu."

Mwalimu hakuwa na fedha za kulipa taslimu. Akaandika malalamiko kwetu. Fomu ya malalamiko inataka namba ya mwanachama iliyo hai, na namba ya mtoto ilikuwa imeshakufa, hivyo fomu ikarudishwa. Akaandika tena, akaeleza kwa urefu zaidi, na akaambatisha cheti cha kuzaliwa. Ikarudishwa tena, kwa sababu ileile, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko tunaoufahamu wote. Kwa mujibu wa utaratibu, hakuna aliyekosea. Wakati sisi tukifuata utaratibu, mtoto alikuwa akikaa bila damu.

Mara ya tatu mama hakuandika. Alikuja mwenyewe, akakaa mapokezi. Mama Rudisha alishuka na fomu mkononi ili amweleze, kwa upole kabisa, kisanduku gani kilikuwa hakijajazwa. Akawakuta mabinti wawili kwenye benchi. Magauni yao yalikuwa ya kitambaa kimoja, na nywele zilisukwa kwa mkono mmoja. Mmoja alikuwa akining'iniza miguu na kuhesabu vigae vya sakafu kwa sauti. Wa pili alilala, kichwa kwenye mapaja ya mama, midomo imepauka, macho ya manjano, akihema kama aliyetoka kukimbia.

Fomu ikamtoka mkononi. Tuliokuwa juu ya ngazi tulimwona akiwatazama wale watoto mmoja baada ya mwingine, kisha akishika ukingo wa meza ya mapokezi. Mwalimu ndiye aliyeanza kusema. "Mama, sikuja kugombana," alimwambia. "Nilitaka tu mumwone."

Hakupanda kurekebisha mfumo, maana marekebisho yangehitaji saini za watu watatu, na mmoja wao alikuwa semina. Alichukua simu ya mapokezi, akapiga hospitali, akasema kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake: "Mtoto yupo. Nimemwona kwa macho yangu. Mwekeeni damu, nitajibu mimi." Akapanda nao teksi. Alasiri ile mtoto alipata damu, na daktari alisema wazi kwamba wangechelewa siku chache zaidi asingekuwa na la kufanya. Mama Rudisha alirudi ofisini jioni, akakaa kwenye kiti chake na mkoba begani, akalia. Mtunza stoo alimletea chai.

Kesho yake alifika kwa mkurugenzi akiwa amekikumbatia cheti. Alijibiwa kwamba hakuna utaratibu wa kurudisha cheti, kwamba fremu ilikwisha kulipiwa, na kwamba zaidi ya hapo ripoti ya mwaka ilikuwa tayari kwa wachapaji ikiwa na picha yake. Kikatundikwa upya. Kipo hadi leo pale ukutani, na wageni huoneshwa.

Basi akaanza kuwafufua watu. Alipitia wote walioondolewa, na kabla ya kuamua lolote alipiga simu nyumbani kwao. Meneja wa wakati ule alilalamikia muda wa maongezi unaoteketea, naye akaanza kutumia simu yake mwenyewe. Wengi kweli walikuwa mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, na hao aliwaunganisha kwa roho safi. Wengine walikuwa mapacha. Wapo pia watoto wa baba mmoja na mama wawili waliozaliwa siku moja, na simu hizo zilichukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa ilibidi achague maneno. Mzee mmoja alimshukuru sana, akasema ni mara ya kwanza bima kumtafuta yeye kabla hajaitafuta.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa kanuni yetu ya simu kwanza: asiondolewe mtu kabla hajapigiwa. Haijaandikwa popote. Ilisimama kwa sababu moja tu, kwamba Mama Rudisha alikaa meza ya karibu na mlango na hakuna aliyeweza kumpita. Wale mabinti leo ni wasichana wakubwa, wana kadi mbili na namba mbili, na yule mgonjwa anasomea ualimu kama mama yake.

Sasa tuseme ukweli, ingawa hii ni siku ya furaha. Ofisi imenunua mfumo mpya. Unawabaini waliojirudia na kuwaondoa bila mtu kuugusa, usiku kucha, bila meza, bila mlango na bila simu. Unaanza kazi siku ileile ambayo Mama Rudisha anaondoka, na kwa kubana matumizi shughuli zote mbili zinafanywa kwa keki moja. Alipoulizwa anataka zawadi gani, aliomba kitu kimoja: simu zisikatwe. Uongozi ulimjibu kwamba ombi lake limepokelewa na litafanyiwa kazi, ukamnunulia saa ya ukutani. Tunaofahamu maana ya "litafanyiwa kazi" tulijua simu zitakatwa. Wiki zile za mwisho hakuna kitu kilichomkosesha raha kama jibu hilo, na alipoanza likizo yake ya mwisho aliondoka bila kuaga meza zote, jambo ambalo si kawaida yake.

Juzi mfumo ulijaribiwa mbele yetu. Meneja wa sasa, kijana hodari na mpenda kasi, alisimama kwenye skrini kubwa akitueleza jinsi kazi ya mwaka itakavyokuwa kazi ya dakika. Akabonyeza. Jina la kwanza kupendekezwa kuondolewa likajitokeza, nalo lilikuwa la mstaafu wetu. Utumishi walikuwa wamemwandikisha Mama Rudisha kwenye kundi la wastaafu kabla ya kumtoa kwenye kundi la wafanyakazi. Jina moja, tarehe moja, simu moja. Mfumo ukapendekeza kubakiza kumbukumbu mpya, ambayo ilikuwa tupu, na kuifuta ile yenye historia yake yote ya matibabu, pamoja na dawa za presha anazomeza kila siku. Chini yake palikuwa na swali fupi: Ondoa? Na kitufe cha Ndiyo kilikuwa tayari kimewaka.

Hatukumwangalia meneja, ili asione tunachowaza. Alisimama na kidole hewani kwa muda, akakishusha, akajikuna shingo.

"Jamani," akasema, "si tumpigie kwanza?"

Akapiga mwenyewe, kwa simu yake, mbele ya watu wote. Iliita mara kadhaa. Tukasikia bomba la maji likifungwa, kisha sauti ya mwenyewe. Meneja akajitambulisha kwa jina na cheo, akamwambia kwamba mfumo umeleta utata kidogo, na kwamba kabla hatujagusa chochote tumeona tumuulize kama yupo.

Upande wa pili akazima redio kwanza.

"Nipo, mwanangu," akasema. "Nipo. Na wa pili kwenye skrini hapo, umeshampigia?"

Meneja alivuta kiti, akakaa, akaomba daftari la namba za simu.

Asante, Mama Rudisha, kwa uliyoyarudisha, na zaidi kwa wale uliowarudisha. Uwepo miaka mingi, wewe na fundi wako, katika afya isiyohitaji kudai chochote kwetu. Na simu yako iwe na chaji, kwa maana tutapiga.