Akiba ya Naisula na Jina Lisilotajwa

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mpango wa Akiba ya Mtoto, wachungaji, na wazazi wenzetu: supa, na karibuni Kitengela. Vumbi mtatusamehe, hilo halina mwenyewe.

TULIKOTOKA

Sisi ni wazazi thelathini na wanane, wafugaji wa hapa na wapangaji tuliotoka magharibi kufuata kazi. Tulipoambiwa serikali itamfungulia kila mtoto akaunti, imwekee pesa za kuanzia, na isikate kodi hadi atimize miaka kumi na minane, tulicheka. Serikali iache kodi, jamani? Hata hivyo tulijiunga.

MAFANIKIO

Hatujakosa mwezi hata mmoja. Mama Sheryl anayeuza sukuma wiki huweka kila Ijumaa, mvua inyeshe isinyeshe. Tunashukuru kwa dhati.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa tulikosea wenyewe. Afisa alisema akaunti moja, mtoto mmoja. Tukaitikia ndiyo, ndiyo, kisha baadhi yetu tukafanya kama zizini: mali yote chini ya kifungua mimba, awatunzie wadogo zake. Mwenzetu Mzee Sankale aliuza mitamba wawili wa binti yake Naisula, akaweka pesa kwenye akaunti ya kifungua mimba wake, kaka yake Naisula.

Mwezi wa Machi kijana huyo aligongwa na lori barabara ya Namanga. Alikuwa na miaka kumi na saba. Bado tunamlilia.

Akaunti ikafungwa. Ili ifunguliwe, baba lazima afike afisi ya Kajiado, aape na kutamka jina la marehemu. Sankale ni mzee wa kanisa, lakini kwa Wamaasai aliyekufa hatajwi jina, sembuse na baba yake mzazi. Ameenda mara tatu. Kila mara ameulizwa dirishani, "Jina la mtoto?" akageuka akarudi nyumbani. Karani mmoja alidhani ni bubu. Hilo lilituuma sana.

Januari Naisula anaingia Gredi ya Kumi. Karo yake yote imo humo.

MAOMBI

Tunaomba akiba ya mtoto aliyefariki ihamie kwa ndugu yake bila korti na bila kodi. Tunaomba pia afisa asome jina hilo kimya kwenye karatasi zenu, baba atie sahihi tu. Mzigo huo si mkubwa kwa serikali.

Asubuhi ya leo Naisula alitujia akasema, "Niacheni mimi nilitaje. Mara moja tu mbele ya mgeni, baba apumzike." Tumemkataza. Ana miaka kumi na minne, na ameketi hapo mstari wa mbele. Tafadhali, mgeni rasmi, usimwulize.

Mungu, Enkai wetu, akufikishe nyumbani salama. Na wanao wote, ukiwaita kwa majina, waitike.

Ni sisi, Kikundi cha Wazazi Waweka Akiba, Kitengela.
Imesomwa na katibu, Jentrix Wasike.