Kiti Kinachomshusha Shemeji

Mbele ya karakana ya Fundi Cheche kuna benchi la mbao ambalo limewabeba watu walewale kwa miaka mingi bila kulalamika. Wiki ile lilipata likizo. Wenye kijiwe, yaani Cheche mwenyewe, Wembe, Wakili na Mzee Gia, walikuwa wamehamia kwenye kiti cha abiria cha jipu la Mzee Gia, kilichong'olewa garini na kuegemezwa ukutani. Mto wake ulikuwa umepasuka pembeni, sponji inachungulia, na upande mmoja ulinuka petroli, lakini kiti cha gari ni kiti cha gari: ukikikalia unajiona una safari. Birika la kahawa lilichemka kwenye jiko la mkaa, mbali kabisa na jipu, kwa amri ya Cheche. Na jipu lenyewe lilisimama mbele yao mlango wazi, likiwa na pengo pale mbele, na Mzee Gia alilitazama pengo hilo kama mtu anayejitazama kwenye kioo siku aliyong'olewa jino.

Alikuwa dereva mstaafu. Maisha yake yote aliendesha magari ya watu, mabosi na wageni wao, na alipostaafu akanunua hilo moja la kwake, kuukuu, la kupandia milima na kuvukia matope. Siku hizo mbili tatu, tangu mkewe alipomwambia neno moja juu ya kiti hicho, kahawa yake ilikuwa ikipoa kikombeni.

Wembe: Mzee, hebu rudia. Shemeji alisema nini? Neno kwa neno.

Gia: Alisema, "Jumamosi wewe nenda na gari lako, mimi nitapanda basi. Kile kiti kinanishusha."

Wakili: Kinamshusha.

Gia: Ndivyo alivyosema. Kisha akaendelea kukunja nguo.

Wembe: Kwa hasira?

Gia: Angesema kwa hasira ningelala. Alisema taratibu.

Wote walikuwa waume za watu, na walijua taratibu ni nini.

Jumamosi hiyo haikuwa Jumamosi ya kuchezea. Binti yao mkubwa alikuwa amemaliza kujenga nyumba yake mwenyewe, kwa jasho lake, na amewaita wazazi waje waione. Njia ni mbovu, mwendo wa nusu siku. Tangu msingi wa nyumba ile ulipochimbwa, Mzee Gia alikuwa akijiona anaingia uani kwa binti yake, anapiga honi, mkewe yuko kando yake. Sasa angefika peke yake kama mtu aliyetumwa kuleta mizigo.

Cheche: Lakini mzee, si ungemwuliza tu ana maana gani?

Gia: Nimwulize nini? Mtu akikwambia umemshusha, unamwuliza umemshusha kwa kiasi gani?

Wakili: Hapo umenena. Na swali la namna hiyo linaongeza adhabu.

Wakili hakuwa wakili. Alikuwa tarishi wa mahakama, akabeba mafaili ya wanasheria mpaka akaamini yaliyomo yalikuwa yake. Wembe alikuwa kinyozi wa kibanda cha jirani, mrefu mpaka wateja wengine humwomba apige goti. Cheche ndiye fundi wa kuchomelea, na kwa imani yake hakuna tatizo duniani lisilotibika kwa kuchomelewa.

Wakili: Tuliangalie neno lenyewe. Kushushwa. Mtu hashushwi mwili, anashushwa hadhi. Kwa hiyo gari halina kesi. Mshtakiwa ni kiti.

Cheche: Basi tukitie sponji mpya, tukishone, yaishe.

Wakili: Mshtakiwa ukimvalisha suti anakuwa hana hatia?

Wembe: Mimi nina dawa. Pale kibandani nina kiti cha akiba, kile cha kukanyaga kwa mguu kinapanda. Shemeji akisema ameshushwa, mzee anakanyaga, shemeji anapanda. Kesi imekwisha.

Gia: Niendeshe huku namkanyagia mke wangu kiti?

Wembe: Miguu unayo miwili.

Gia: Na klachi, na breki, na mafuta. Imeshajaa kazi.

Wakili: Sikieni. Kiti kina kumbukumbu. Kiti kilichokaliwa na watu wa hovyo, hata ukikifua, kinamwambukiza anayekikalia. Tunataka kiti kilichombeba mkubwa. Mkurugenzi hivi, au zaidi. Shemeji akikikalia, hadhi inampanda kutokea chini.

Cheche: Inampanda kupitia wapi?

Wakili: Usiniulize mambo ya mwili, mimi ni mtu wa sheria.

Wembe: Basi na kizunguke. Mkifika kwa binti, mlango unafunguliwa, kiti kinageuka chenyewe, shemeji anawatazama watu uso kwa uso kabla hajakanyaga chini.

Wakili: Na kiwe juu kuliko cha dereva. Hilo la lazima. Umewahi kuona mheshimiwa amekaa sawa na dereva wake?

Mzee Gia alitaka kusema kwamba yeye si dereva wa mkewe, ni mumewe. Lakini aliyekosa hana sauti, naye alikuwa amejihukumu tangu ile siku ya kukunja nguo. Akamiminiwa kahawa, akainywa ya moto hivyohivyo.

Kesho yake walikwenda wote kwenye yadi ya vipuri vya magari chakavu. Muuzaji aliwaonyesha kiti cha basi, Wakili akakipuuza kwa mkono. Akawaonyesha cha pikapu, Wembe akasema kinabana nyonga. Mwishoni akaondoa turubai kwenye kiti cheusi cha ngozi, chenye egemeo la kichwa na pa kuwekea mkono, akaapa kwamba kimetoka kwenye gari la mkurugenzi. Wakili akakiinamia, akakinusa kwa kituo, akainuka.

Wakili: Mkurugenzi kweli.

Kukichagua kulikuwa rahisi. Kukifunga ndiko kulikowatoa jasho. Kiti cha zamani kilikuwa hakina makuu: mto umewekwa tu juu ya sanduku la bati, haukufungwa na kitu, ukitaka unauinua kwa mkono mmoja. Hiki cha mkurugenzi kilikuwa kipande kimoja kizito chenye reli zake chini, na miguu yake haikukubaliana na tundu hata moja la jipu. Cheche akafurahi sana. Akachukua vipimo, akakata chuma cha pembe, akaunda fremu ya kukipandisha. Lakini kazi yote ya moto aliifanyia nje, hatua nyingi kutoka kwenye gari.

Cheche: Ndani humo sichomelei. Tangi la mafuta liko chini ya kiti palepale. Cheche moja tu ikidondoka, badala ya kushuka tutapanda wote.

Wakacheka, wakasogeza jiko la kahawa mbali zaidi.

Kwa kuwa mwenye kiti hakuwepo, Wembe ndiye aliyekalishwa kujaribu. Kichwa kikagota darini.

Wembe: Kiko juu mno.

Wakili: Wewe ndiye uko juu mno. Shemeji si mrefu hivyo.

Wembe: Na kilemba je? Kwa binti yake ataenda kichwa wazi?

Hoja ya kilemba iliwashinda. Fremu ikapunguzwa vidole viwili. Kisha Cheche akaipitishia boliti nne ndefu kwenye sanduku la bati, akakaza nati kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Wakili akasema kiti chenye hadhi huvutia wezi, kwa hiyo Cheche akazigonga nati kwa nyundo zikabondeka, hata spana ikija isione pa kushika. Mzee Gia akakitikisa kiti kwa mikono miwili. Jipu zima likatikisika, kiti kikatulia. Kwa mara ya kwanza wiki ile alihisi njaa.

Jumamosi asubuhi alitoka nyumbani mapema, akisema anakwenda kuangalia tairi. Alijua njia ya stendi ya basi inapita pale kijiweni. Jipu lilikuwa limeoshwa, mlango wa abiria uko wazi upande wa barabara, na wenzake wamekaa wima kama watoto wanaosubiri kupigwa picha. Mkewe akatokea, kilemba kichwani, mkoba mkubwa mkononi.

Cheche: Shikamoo shemeji.

Mke: Marahaba. Mbona leo hambishani?

Wembe: Tunakusubiri wewe, shemeji. Karibu kahawa.

Hakuijibu ile karibu, kwa sababu alikuwa amekiona kiti. Akasogea. Akaibonyeza ngozi kwa kiganja, akaipapasa sehemu ya kuwekea mkono, akalitazama egemeo la kichwa. Mzee Gia alisimama kando ya bampa, hajui mikono yake aiweke wapi.

Gia: Nimekiweka kwa ajili yako.

Mke: Kizuri, baba. Kizuri kweli.

Akakisukuma kidogo, kikagoma. Akakisukuma tena, akainama kutazama chini yake.

Mke: Na mafuta mtatilia wapi?

Wembe akamtazama Cheche. Cheche akamtazama Wakili. Wakili akajishughulisha na birika, akaliinamisha juu ya kikombe, na birika likatoa matone mawili na machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha na hakuna aliyekumbuka kuteleka nyingine.

Mdomo wa tangi ulikuwa chini ya kiti kile, umefunikwa na fremu ya chuma cha pembe na boliti nne zilizobondwa nati. Wote wanne walilikumbuka tangi lile kwa kuogopa moto. Hakuna aliyekumbuka kwamba linakunywa. Na Mzee Gia ndiye aliyeaibika kuliko wote, kwa sababu alikuwa ameuinua mto wa kile kiti cha zamani na kujaza mafuta mara zisizo na hesabu, tena kwa mikono yake mwenyewe.

Mke: Niliposema kiti kinanishusha, mlidhani nasema nini?

Wakili: Hadhi, shemeji.

Mama yule aliweka mkoba chini. Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye kile kiti cha zamani pale ukutani, akafuta machozi kwa pindo la kilemba.

Mke: Kinanishusha. Nashuka kwa miguu yangu. Kila safari napanda nyumbani, nakaa, naweka mkoba, natengeneza nguo. Hatujamaliza mtaa, tunaingia sheli. "Mama, shuka kidogo." Nasimama pale watu wananitazama, mto unainuliwa, mafuta yanatiwa palepale nilipokuwa nimekaa. Nikirudi nakalia harufu mpaka mwisho wa safari. Hadhi yangu iko salama, baba. Ni miguu tu imechoka.

Wembe: Sasa...

Mke: Ngoja, sijamaliza. Nina swali moja tu, dogo. Kwa nini huendi kujaza kabla sijapanda?

Watu waliokuwa na nadharia ya kiti chenye kumbukumbu na kiti kinachozunguka wakaanza kuhesabu vikombe. Sheli ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka kwa Mzee Gia. Mtu angeweza kwenda na kurudi kabla chai haijapoa.

Mwenye jibu alikuwa mmoja, na alikuwa anaona haya kulisema mbele ya wenzake. Akalisema hivyohivyo, huku akilitazama gurudumu.

Gia: Kazini niliendesha watu wengine miaka yote, wewe ukabaki nyumbani. Gari hili nilinunua ili uwe ndani yake. Nikienda peke yangu, hata hapo sheli tu, naona kama nimerudi kazini.

Wembe akageuka kuangalia kibanda chake. Cheche akaokota spana aliyokuwa haihitaji.

Mke: Ungesema.

Gia: Na wewe ungesema ni kushuka kwa miguu.

Mke: Kuna mafuta kiasi gani humo ndani?

Gia: Ya kwenda yapo. Ya kurudi ndiyo hayapo.

Mama yule akainuka. Akauchukua mkoba wake, akampa Cheche auweke nyuma ya gari. Kisha akakionyesha kwa kidole kiti cha zamani, kile kilichopasuka.

Mke: Na hicho changu kiwekeni nyuma pia. Wakati wa kurudi tutakirudisha mahali pake. Kushuka nimeshazoea.

Wakakipakia, mto na egemeo. Cheche akaongeza msumeno wa mkono na spana, akamweleza mzee asije akathubutu kutumia msumeno wa umeme karibu na tangi lile. Wakili akatangaza kwamba rufaa imekubaliwa, hakuna aliyemsikiliza. Wenyewe wakarudi kwenye benchi lao la mbao, ambalo liliwapokea kwa mlio wake uleule.

Kiti kilikuwa juu. Ilibidi Mzee Gia amshike mkewe mkono, kisha kiwiko, kisha asukume kidogo, ndipo akafika. Akafunga mlango, akazunguka, akawasha. Walipoikaribia sheli, yule mtu wa pampu aliwaona kwa mbali, akaanza kusogeza watu kama alivyozoea. Mzee Gia akampigia honi, akapita bila kusimama. Moyo wake ulikuwa umejaa, na hakujali nani anaona.

Kilemba kilikuwa kinagusa dari. Kila shimo, mkewe aliinamisha shingo kidogo.

Mke: Kweli jamani, kiko juu.

Gia: Tukifika nitakishusha.

Mke: Usishushe kitu, baba. Endesha.