Kinyago cha Paa Kilicho Juu ya Jeneza la Mzee Macario

Mzee wetu, Macario Xiloj, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 hapa hapa Chichicastenango, mtoto wa tatu wa Mzee Tiburcio, mchonga vinyago vya ngoma. Shule alisoma madarasa mawili tu. Mwalimu alimchapa kila alipotamka neno la Kikiche, lugha yetu, naye akaona ya nini, akarudi kwa baba yake kushika patasi.

Alichonga zaidi ya miaka hamsini. Kabla ya kuangusha mwerezi aliuwashia mshumaa na kuuomba radhi. Vinyago vipya aliwauzia wageni bila kinyongo, lakini kilichokwisha kuchezewa ngoma hakukiuza hata kimoja. "Kimekunywa jasho la watu," alikuwa akisema. "Utauzaje jasho la watu, una wazimu?"

Mwaka 1971 alimwoa mama yetu, Petrona. Babu mzaa mama alikuwa amemkatalia, basi marehemu akachonga kinyago cha Mhispania, yule anayechekwa kwenye ngoma, chenye pua ile ile ya babu. Uwanja mzima wa kanisa ulivunjika mbavu. Babu akamwita: "We kijana, mchukue binti, usije ukanichonga na tumbo!"

Mwaka 2021 vumbi la mbao lilianza kumla mapafu. Kitandani alikuwa na ombi moja: kinyago chake cha paa, mnyama wa ngoma yetu, alichokichezea tangu ujana, kimtangulie kaburini kama cha baba yake kilivyomtangulia. Kila asubuhi aliuliza, "Tomasa, paa wangu yupo?" Nami nikamjibu, "Yupo, baba, anatunzwa na kaka Anselmo." Ndivyo Anselmo alivyoniambia. Baba alifariki Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizoshika. Leo asubuhi nimekigeuza hicho kinyago kilicho juu ya jeneza. Nje kimechakaa, kina masizi. Ndani mbao ni mbichi, hazijagusa uso wa mtu, na kinanuka samadi! Ni vile vinavyofukiwa kwenye samadi ili wageni wadhani ni vya kale. Nikamuuliza Anselmo, cha baba kiko wapi?

"Dada, punguza sauti. Kuna mgeni alikipenda. Mzee hatajua, na kwa mbali nani atatambua?"

Hatajua! Baba yako amekufa akikiulizia, Anselmo! Ulimuuza akiwa hai, leo unamletea samadi akiwa maiti. Mama, nakuona unaniashiria nikae. Sikai. Nina hasira, jamani, na sioni haya kuisema mbele ya baba.

Marehemu ameacha mjane, Petrona, binti, mimi Tomasa, wajukuu watano, na mwana mmoja, Anselmo, ninayemtaja kwa sababu mama ameniomba.

Kinyago hiki nakiondoa sasa hivi. Wacheza ngoma, mtangulieni na nyuso zenu wenyewe, anawafahamu. Baba, pumzika, umechoka. Na wewe, Anselmo, toa mkono wako kwenye jeneza.