Karatasi Tatu za Shangazi

SHANGAZI: Haloo? Nani mwenzangu?

DOBI: Shikamoo, shangazi.

SHANGAZI: Marahaba… Eh! Ni wewe? Wamekuachia?

DOBI: Waniachie wapi! Nipo mahabusu, hii simu ya afande. Kanipa dakika tatu, na kasimama hapa hapa.

SHANGAZI: Pole, mwanangu. Unakula lakini? Sauti inakatika—

DOBI: Nakula. Sikiliza. Kesho ndiyo najitetea. Mwendesha mashtaka kasema marehemu mume wangu alikuwa mpole kama maji ya mtungini, eti miaka tisa sijalalamika popote. Popote! Na polisi nilienda jicho limevimba, wakaniambia mambo ya ndani yamalizwe ndani.

SHANGAZI: Si tukayamaliza?

DOBI: Sebuleni kwako. Ndiyo nakupigia. Zile karatasi tatu.

SHANGAZI: Karatasi zipi?

DOBI: Shangazi! Kila nilipokukimbilia ulimwita, ukamweka kitako, akaandika kwa mkono wake: "Nimempiga mke wangu, sitarudia." Akatia sahihi, nawe ukatia yako. Ya pili kataja mpaka ubavu alionivunja. Wakili anasema hizo ndizo zitaniepusha na kitanzi. Jioni anakuja kuzi—

SHANGAZI: Asije.

DOBI: Kwa nini?

SHANGAZI: Nimezichoma.

DOBI: Umezi… Lini?

SHANGAZI: Siku ile ile uliyokamatwa. Nilijua watapekua. Wakiziona watasema, haya, alikuwa na kinyongo, kalipiza. Nilikuwa nakukinga, Mungu shahidi!

DOBI: Mungu hapandi kizimbani, shangazi. Wewe unaweza. Njoo useme.

SHANGAZI: Niseme nini? Sikuwepo ulipompiga kwa pasi yako ya udobi.

DOBI: Alikuwa amenikaba koo, hilo nitalisema mwenyewe. Wewe sema ulivyonipokea. Damu uliyonifuta.

SHANGAZI: Halafu waniulize, nawe ukafanyaje? Mawifi zako wamejaa pale wananitazama! Niseme nilikufungia mzigo nikakurudisha, ubavu haujaunga?

DOBI: Sema hivyo hivyo.

SHANGAZI: Nilikwambia uvumilie kwa nia njema. Sisi tulivumi—

DOBI: Wimbo huo naujua. Ulizichoma kunikinga mimi, au kuficha sahihi yako?

SHANGAZI: Hee! Mimi niliyekulea!

DOBI: Ulinilea, ndiyo maana inauma. Nina uchungu nawe. Lakini sina mwingine. (kelele za mtandao) Afande ananionyesha saa. Mahakama kuu, chumba cha pili, saa tatu asubuhi.

SHANGAZI: Na mguu wangu huu… Nitakuombea sana, mwanangu, sana.

DOBI: Usiniombee. Utakuja?

SHANGAZI: Haloo? Haloo? Mtandao huu jamani—

DOBI: Unanisikia. Hata unavyohema nakusikia. Shangazi, wataninyonga.

(Shangazi anakata simu.)