Wasifu wa Damiani Alute Mughwai, Aliyeing'oa Ruta ya Pili

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo alizaliwa Unyambwa tarehe 14 Agosti 1958, mtoto wa tatu wa Mzee Alute Mughwai na Mama Sara. Alisoma hapohapo Unyambwa mpaka mwaka 1973, kisha akaenda Dodoma kujifunza umeme. Mwaka 1978 aliajiriwa katika kiwanda cha kukamua alizeti mjini Singida.

Kiwanda kilipouzwa mwaka 1994, vyombo vyake vilipigwa mnada. Wenzake waligombea meza na viti. Yeye alichukua makabati ya swichi za umeme, ambayo hayakuwa na mshindani. Walipomcheka, alijibu kwamba kiti hakijawahi kumletea mtu mteja. Ndivyo kilivyoanza kibanda chake cha ufundi pale sokoni. Hatutasema alikuwa malaika: plaizi yake haikuazimwa na mtu, na bei yake ya kwanza haikuwa ya mwisho.

Mwaka 1997 Mzee Melkiori, mfanyabiashara wa vitunguu, alimaliza hoteli ya ghorofa tatu. Mitambo ya kupima maji ya tangi aliinunua kwa mtu mmoja, ya pampu na taa kwa mwingine, kwa kuwa kila mmoja alimpunguzia. Akapata mitandao miwili isiyojuana: tangi likisema limekauka, pampu haisikii. Damiani akapewa kazi ya kufunga ruta, yaani kisanduku kinachosoma ujumbe unaelekea wapi na kuuvusha upande wa pili. Naye alikuwa na lake. Alishapeleka posa kwa Mwalimu Jesca, binti wa mzee huyo, kupitia baba mdogo Clement na shangazi Magdalena, na jibu lilikuwa halijafika. Umri ulikuwa miaka thelathini na tisa. Alijua akiharibu hoteli, binti hampati.

Kwetu neno zito halitumwi kwa mtu mmoja. La kwenda Manyoni unampa msafiri wa basi, halafu unampa na wa treni, asije mmoja akasahau. Kwa busara hiyohiyo Damiani alifunga ruta mbili. Siku ya uzinduzi tangi likasema limekauka. Ruta ya kwanza ikavusha ujumbe, ya pili ikaurudisha kama habari mpya, ya kwanza ikauvusha tena. Ukazunguka hivyo mpaka njia ikajaa, na habari kwamba tangi sasa limefurika ikakosa pa kupita. Pampu haikuzima. Maji yalishuka ngazi zote hadi kwenye viatu vya padre aliyekuja kuibariki hoteli, naye akasema imejibatiza yenyewe.

Mzee Melkiori alipofika juu penye tangi, Damiani alikuwa ameshaing'oa ruta ya pili na pampu imetulia.

"Shikamoo mzee. Nilituma wawili. Kila mmoja alikuwa anampelekea mwenzake."

Mzee akakamua pindo la suruali. "Kama washenga wenu. Shangazi yako nilimwambia ndiyo tangu mavuno. Akamwambia Clement. Clement akaja kuniuliza kama ni kweli, nikamwambia akamuulize shangazi yako."

Damiani akauliza, sasa hilo jibu alichukue nani.

"Chukua mwenyewe. Lakini kwanza piga deki."

Walifunga ndoa tarehe 20 Juni 1998. Baba mdogo Clement, aliyepunguzwa katika ushenga, alinuna mpaka alipochinjiwa mbuzi.

Kisukari kiligundulika mwaka 2003. Alipatana na daktari juu ya ugali kama mtu aliye mnadani, akatoka na nusu sahani. Figo zilipochoka, hapakuwa na wa kupatana naye. Alifariki hospitalini mjini Singida alfajiri ya tarehe 3 Novemba 2006, Jesca akiwa amemshika mkono.

Ameacha mama yake, Mama Sara. Mjane, Mwalimu Jesca. Watoto wawili, Petro na Sara mdogo. Pamoja na ndugu na wateja wengi. Wenye pasi na redio kibandani kwake, mje baada ya matanga. Alizimaliza zote kabla ya kulazwa.

Mungu ampokee, ampumzishe kwa amani.