Meno ya Queen

MANASE: "Queen hakuwa na viatu. Hakuwa na godoro. Hakuwa na..." subiri... "Hakuwa na daftari ambalo halijaandikwa kwanza na mtu mwingine. Hakuwa na meno mawili ya mbele, na hakuwa na mama wa kumwuliza yamekwenda wapi."

PRAXEDA: Haloo? Haloo! Shehzad, mbona sauti yako—

MANASE: Si Shehzad.

PRAXEDA: Namba ni ya Shehzad Dharsi wa duka la vitabu. Wewe nani?

MANASE: Shikamoo, mwalimu Praxeda.

PRAXEDA: Marahaba. Nani?

MANASE: Msomaji wa kitabu chako. Mimi nasoma polepole. Nimesoma ukurasa wa kwanza na sura ya tatu, basi.

PRAXEDA: (anacheka) Eh! Sauti hiyo naijua. Manase? Nyapara wa shamba la mkonge kule Mwera? Mtani wangu! Nani kamfundisha Mnyamwezi kusoma? Nilidhani nyie mnajua kubeba mizigo kichwani tu.

MANASE: Leo usinitanie.

PRAXEDA: Tangu lini Mnyamwezi akamkataza Mzigua—

(Kishindo. Vioo vinavunjika.)

PRAXEDA: Nini hicho? Manase! Nini hicho?

MANASE: Kabati la vioo la rafiki yako.

PRAXEDA: Shehzad yuko wapi?

MANASE: Hapa chini. Nimemkalia mgongoni.

PRAXEDA: Ewe Mungu wangu. Nipe nimsikie.

MANASE: Haya, mzee, sema na mwalimu wako.

SHEHZAD: Mwalimu... amenipiga na komeo la mlango. Kichwani. Sioni vizuri, damu inaingia machoni. Ameshusha shata, tuko wawili tu hu— aah!

PRAXEDA: Mwache! Manase, mwache mzee wa watu! Yeye kakukosea nini?

MANASE: Anauza. Ameweka kitabu chako mbele kabisa, pale watoto wa shule wanapopita. Nimekuja na kisu changu cha kukatia mkonge. Vitabu vyako ni laini, mwalimu. Sikiliza.

(Karatasi zinachanwa. Tena. Tena.)

PRAXEDA: Chana. Chana vyote. Vitabu si mtu.

MANASE: Unajua kambini wananiitaje sasa?

PRAXEDA: Sijui.

MANASE: Wananiita Meno. Alfajiri napanga watu kazini, nyuma ya mstari mmoja anagonga meno. Ta, ta, ta. Nageuka, kimya. Nikitazama mbele tena, ta, ta, ta. Juzi nimemshika mmoja. Nimempiga ubao mpaka akalala katikati ya mikonge, miiba ikamwingia shavuni. Bado wanagonga.

PRAXEDA: Mimi sikuandika jina lako popote.

MANASE: Umeandika kofia yangu! Sura ya tatu. Nyapara mwenye kofia ya manyoya na jua lote hili, suruali ikamdondoka mbele ya padre. Kuna nyapara gani mwingine Tanga nzima mwenye kofia ya manyoya?

PRAXEDA: Hiyo ni sura ya kuchekesha, Manase. Nilikuandika kama mtani. Nikakumbuka ule msiba wa marehemu dada yangu, ulivyolala juu ya jeneza ukasema halitoki mpaka Wazigua wakupe jogoo. Watu walikuwa wanalia, wakacheka. Nani alikukasirikia? Mtani hakasirikiwi.

MANASE: Siku ile nyote mlikuwepo. Mlinimwagia maji machafu, mkaniita punda, nikawajibu kwamba nyie babu zenu waliuzwa kwa kibaba cha mtama. Mtani anakuja usoni, mwalimu! Unamtukana, anakutukana, mnakula. Kitabu nitakijibu vipi? Nikimaliza kukichana hapa, kuna kingine Pangani, kingine Muheza, kinanitukana kwa watu wasio watani zangu, mimi sipo!

(Mtandao unakwaruza.)

PRAXEDA: Hapo umesema kweli.

MANASE: Nini?

PRAXEDA: Nimesema hapo una haki. Nilidhani utani unaingia kitabuni. Hauingii. Nimekosea, mtani.

MANASE: Basi toa.

PRAXEDA: Kofia na suruali nitatoa. Kitabu kinachapwa mara ya pili. Kurasa za masahihisho ninazo hapa mezani, zinakwenda Dar leo na basi la saa nane. Sura ya tatu naifuta sasa hivi, unasikia kalamu? Krr. Krr. Imekwisha. Sasa shuka mgongoni kwa mzee—

MANASE: Na meno.

PRAXEDA: Meno yapi?

MANASE: Unajua yapi! Ukurasa wa kwanza! Toa meno!

PRAXEDA: Manase—

MANASE: Binti yangu alisimamishwa darasani asome kwa sauti. Loveness. Alipofika hapo darasa zima likageuka kumtazama mdomo. Mwalimu wao akamtazama. Jioni hiyohiyo mwalimu wao akaja kwangu na mwenyekiti wa kitongoji, wananiuliza meno ya mtoto yamekwenda wapi. Tangu juzi mtoto hayupo nyumbani, nimemtafuta mpaka Tongoni kwa shangazi yake. Kwa sababu ya mstari mmoja!

PRAXEDA: Kwa sababu ya mstari?

MANASE: Ndiyo!

PRAXEDA: Usome tena.

MANASE: Nimeusoma mpaka nimechoka!

PRAXEDA: Basi niambie, pale nimeandika nani aliyayang'oa?

(Karatasi zinapinduliwa haraka.)

PRAXEDA: Nimeandika hana meno mawili. Basi. Sikusema alianguka, sikusema alipigwa, sikusema na nani wala kwa kitu gani. Wewe umejuaje kwamba ni wewe?

(Mtu anahema kwa nguvu.)

MANASE: Nyosha mkono, mzee.

SHEHZAD: Hapana, hapana, ndugu yangu, tafadhali—

PRAXEDA: Manase! Manase, nisikilize mimi—

MANASE: Nyosha mkono! Weka vidole hapa kwenye ngazi yako ya mbao. Mwalimu, nahesabu. Unatoa meno?

PRAXEDA: Subiri—

MANASE: Unatoa?

PRAXEDA: Subiri nifikiri, mwana—

(Komeo la chuma linagonga ubao. Shehzad anapiga ukelele mrefu.)

PRAXEDA: Shetani wewe! Shetani!

MANASE: Hicho kimoja. Mkono una vitano.

PRAXEDA: Shehzad! Shehzad, nisamehe. Natoa. Natoa, Manase, naufuta mstari, kalamu ninayo—

SHEHZAD: Usi... usitoe.

PRAXEDA: Nyamaza wewe, nakuokoa!

SHEHZAD: Usitoe, mwalimu! Nimeuza vitabu vya watoto tangu baba yangu afe. Katika vyote, Mhindi anaingia mara moja tu, yuko nyuma ya mizani, anapunja watu. Mjukuu wangu Alisha aliniuliza, babu, sisi tuna mizani tu? Kwenye chako wewe msichana wa Kihindi anapanda mnazi na Queen, anaanguka, anavunjika mguu, anacheka. Alisha amekisoma mpaka jalada limetoka. Ukianza kufuta kwa sababu ya komeo, kesho atakuja mwingine na komeo lake, atafuta—

MANASE: Nyamaza!

(Pigo. Shehzad anakohoa.)

SHEHZAD: ...atafuta mguu wa yule wa Kihindi. Mimi ndiye mwenye vidole. Nimesema usitoe.

PRAXEDA: Shehzad...

(Kwa mbali, shata inapigwa. Sauti za watu: "Mwizi! Mwizi ndani! Fungua!")

MANASE: Nani hao?

SHEHZAD: Wa sokoni. Wamesikia nikipiga kelele.

(Sauti: "Leteni nondo! Leteni tairi!")

MANASE: Mimi si mwizi.

SHEHZAD: Waambie.

MANASE: Mimi si mwizi! Jamani, mimi si mwizi!

(Shata inatikisika. Sauti: "Ana damu, nimemwona kwenye tundu la shata! Mchomeni!")

PRAXEDA: Manase, toka mlango wa nyuma!

MANASE: Upo wapi? Hakuna mlango!

SHEHZAD: Nyuma ni ukuta wa jirani.

MANASE: Mwalimu, watanichoma. Mwaka jana walimchoma mmoja pale pale sokoni, nilipita, alikuwa bado anasogea. Mwalimu!

PRAXEDA: Sasa unaniita mimi?

MANASE: Wewe mtani wangu!

PRAXEDA: Nikupe maneno gani yapite kwenye shata? Mimi niko nyumbani Nguvumali. Muulize uliyemkalia.

(Mtandao unakwaruza. Shata inapigwa kwa chuma.)

MANASE: Mzee. Mzee Dharsi.

SHEHZAD: Shuka mgongoni kwangu kwanza.

MANASE: Nimeshuka. Nimeshuka.

SHEHZAD: Kisu.

MANASE: Hiki hapa. Chukua.

SHEHZAD: Nikikaa kimya hivi, mpaka shata ikatike, unajua wewe ni nini.

MANASE: Najua.

SHEHZAD: Jivu.

MANASE: Najua, mzee.

PRAXEDA: Shehzad, mkono ni wako, kichwa ni chako. Sikuambii kitu.

SHEHZAD: (kwa sauti kubwa) Hatibu! Hatibu, nasikia sauti yako! Acheni kupiga! Hakuna mwizi! Ngazi imeanguka, nimeumia!

(Sauti: "Mzee Dharsi? Uko peke yako?")

SHEHZAD: Nina mteja! Ndiye ananisaidia! Rudisheni hiyo tairi kwa fundi!

(Kelele zinapungua. Mtu anacheka nje.)

MANASE: (polepole) Mzee...

SHEHZAD: Usiniambie kitu. Inua shata. Halafu inama, unibebe. Wewe uliyenivunja ndiye utakayenibeba mpaka hospitali, katikati ya soko, mchana, kila mtu akiona. Ukiniangusha nawaambia ukweli.

MANASE: Nimekuelewa.

SHEHZAD: Na daktari nitamwambia kila kitu. Na polisi. Uongo wa ngazi nimewaambia hao tu wenye tairi.

MANASE: Ndiyo, mzee.

SHEHZAD: Mwalimu, simu naitia mfukoni bila kuikata, spika iko wazi. Salio litakuwa linaisha. Niambie umeandika nini.

PRAXEDA: Nimefuta kofia, suruali na padre. Nyapara sura ya tatu hachekeshi tena. Ukurasa wa kwanza haukuguswa, nimeutia sahihi pembeni. Umesikia, Manase?

MANASE: (anahema, amebeba) Nimesikia.

PRAXEDA: Huna la kusema?

(Hatua. Honi za pikipiki. Sauti: "Pole mzee! Pole!")

MANASE: Mwalimu. Loveness yuko kwako?

(Upande wa Praxeda kiti kinaburutwa.)

MANASE: Mwalimu? Nakuuliza wewe. Yuko hapo kwako Nguvumali?

PRAXEDA: Haloo? Haloo? Manase, sikusikii. Mtandao huku mbaya sana leo.

MANASE: Mimi nakusikia vizuri.

PRAXEDA: Haloo? Unakatika. Unakatika kabisa.

SHEHZAD: (kwa sauti ya chini) Tembea wewe. Tazama njia.

PRAXEDA: (ameziba simu kwa kiganja) Mwanangu, weka hizo kurasa kwenye bahasha. Zote, usizikunje. Lamba gundi. Taratibu, mdomo bado umevimba kwa kipigo cha juzi. Sasa bandika, gandamiza kwa ngumi. Umeusoma tena ukurasa wa kwanza? Una hakika meno yabaki?

LOVENESS: Yabaki, bibi.

PRAXEDA: Basi mkimbizie Miraji bodaboda pale nje, mwambie basi la saa nane, ampe kondakta mkononi, asimwachie mpigadebe. Halafu urudi ndani ufunge mlango.

MANASE: Mwalimu? Uko hapo? Nani huyo unayeongea na—

PRAXEDA: Haloo? Shehzad, baba, jikaze. Nakuja hospitali saa hii hii, nakuja na—

(Simu imekatika. Salio limekwisha.)