Majina Kumi na Moja ya Lyamkena

Ndani ya basi la kutoka Njombe, mama Esteria aliwasikia wanaume wawili wakibishana juu ya timu ya mpira ya Lyamkena, iliyokufa wachezaji wote walipopelekwa Tanga kukata mkonge.

"Nahodha Danieli ndiye aliyewauza, bwana. Majina aliandika yeye."

"Acha uzushi, ndugu yangu. Aliambiwa ni majina ya mechi. Angejuaje kwamba ni ya manamba, vibarua wa mkonge?"

"Nawe, timu iliyoshinda mara mbili tu, nani angeipelekea lori la kwenda mechi?"

Wakacheka. Danieli alikuwa mwanawe Esteria, na mpaka leo hajarudi.

Basi likasimama Makambako. Wakashuka wakibishana, kabla Esteria hajaweza kuwaambia kwamba jina la kwanza kwenye karatasi ile lilikuwa la Danieli mwenyewe.